Mrija Wangu kwa Shangazi Spesi

Mjukuu wangu Divine,

Kosa la wengi ni kudhani matende huambukizwa kwa kula pamoja. Huku Yoba tu wazima. Mbuzi wako amezaa mapacha!

Unauliza utawapataje wagonjwa wa matende wa Muyinga wakubali utafiti wenu. Nilipokuwa msichana, kwenye harusi Bukirasazi, shangazi yangu Spesi, aliyevimba mguu, aliketishwa pembeni peke yake, na mtungi wake mwenyewe wa pombe ya mtama. Nikaketi naye, nikatia mrija wangu humo.

Mgeni mmoja akapaza sauti, “We mtoto, utavimba!”

Shangazi akajibu, “Kitakachovimba ni tumbo, pombe yangu anaimaliza!”

Watu wakacheka, wakasogea na mirija yao. Jioni ile alifunua mguu, akanieleza yote bila kuulizwa.

Nawe, kabla ya kuwauliza wagonjwa wako maswali, kula nao.

Bibi yako