Siku Nne Ulizokataa Kuzima Jiko

Mama yangu wa Mazingara na wa Ngazidja,

Shikamoo huko uliko. Asubuhi ya leo ukungu umeshuka mpaka kwenye mahindi, nikakuona mlangoni na upawa mkononi, ukiniuliza kama hayo ni majivu.

Nilikuwa na miaka minane. Redio ya mwalimu ilisema mlima wa Ngazidja, kisiwa ulichozaliwa, umepasuka, na uji wa moto umekifunika kijiji chenu. Majina ya watu haikutaja. Mama mdogo, mdogo wako wa pekee, alikuwa kule. Kufika adhuhuri kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa kimejaa uani kwetu na vyungu vya bada, ugali wa muhogo, maana nyumba yenye msiba haiwashi moto. Majirani ndio hupika. Wewe ukaingia jikoni, ukakoka moto, ukabandika maharage.

"Sijafiwa," ukawaambia. "Karibuni chakula."

Wengine walinuna. Ulikuwa mkaidi, mama, tuseme ukweli. Jirani yetu Bibi Mwanahawa tu ndiye aliyevuta kigoda, akachambua mboga kando yako. Tulipohamishiwa kijijini, naye nyumba yake aliiacha kule porini ikaanguka.

"Nyumba hubaki, mwanangu," akasema. "Watu hutoka."

Hapo ndipo ulipolia.

Siku nne ulipika. Mimi nilikuletea kuni, na njiani, ndani ya ukungu, niliuona mlima wenu ukifuka polepole juu ya Handeni, mweupe, wala sikuuogopa. Siku ya nne baba akarudi kutoka Segera na salamu alizopewa na dereva wa Tanga: mama mdogo yu hai, ametoka na nguo aliyovaa. Wale wale walionuna wakachanga khanga na mahindi, baba akayapeleka Tanga kwa Wangazidja wenzako, wayafikishe.

Mwezi uliopita, ulipofariki, vyungu vilikuja tena. Nami nikaingia jikoni nikakoka moto. Walinong'ona, mama, lakini binti wa Bibi Mwanahawa alivuta kigoda akaketi nami. Nilikaa nikitazama njia ya Segera; safari hii hakuja mtu na salamu. Kuni zilipokaribia kwisha, nikaumwagia moto maji mwenyewe, nikatoka nje kupokea pole.

Nimekukumbuka sana. Pumzika, mama.

Binti yako, mleta kuni