Pipa la Taka Pembeni ya Kiongozi

Ijumaa, Novemba 1986

Mvua imenyesha tangu saa sita, na nguo nilizofua asubuhi zimelowa upya kambani. Sikujali hata kuzianua. Leo nina uchungu mpaka chai imenishinda.

Wakubwa wa kampuni ya shaba walinipa kazi niliyoipenda kuliko zote: kuandika kanuni za zile kompyuta mpya zenye picha, ambazo mtu haandiki amri, anasukuma tu kipanya mezani na kuonyesha anachotaka. Mishahara, stoo, hospitali, kila ofisi ilikuwa inapanga skrini yake kivyake. Mimi na Ngoie, mchoraji wetu, tulitakiwa kuzifanya zifanane, ili karani aliyejifunza kufunga dirisha la skrini huku asipotee kule.

Tulikaa na makarani tuwatazame. Hakuna aliyethubutu kugusa kipanya. Kwetu ukivunja kitu unakatwa mshahara, kwa hiyo kila mmoja alimwita shefu wake, mkuu wake wa ofisi, aje abonyeze badala yake. Shefu naye, ghafla, alikuwa na shughuli.

Ndiyo maana kanuni yangu ya kwanza ikawa hii: kosa lolote liweze kurudishwa. Ukitaka kutupa faili, unaliburuta kwa kipanya na kuliachia kwenye pipa la taka, kijipicha kilichoko sehemu ya chini ya skrini, na linakaa humo mpaka ulimwage mwenyewe. Ukijuta, unalitoa. Makarani walipoelewa hilo, woga uliwatoka. Mama mmoja wa mishahara alitupa na kutoa, akatupa na kutoa, huku anacheka peke yake. Nilidhani nimefanya jambo la maana. Bado nadhani hivyo.

Kisha shefu wetu, Kasongo, akataka kuwapendeza watu wa Chama tawala. Kila ofisi ina picha ya Kiongozi wa nchi ukutani, akasema, basi na skrini iwe nayo. Nilimuuliza kazi itakaa wapi kwenye skrini ndogo namna ile. Alinitazama kama nimemtukania mama yake. Ngoie akaichora picha, nukta kwa nukta, ikafanana sana, maskini. Tukaiweka katikati, pipa likiwa karibu yake, chini kidogo.

Leo kamati ya Chama ya hapa kazini ilikuja kuona. Kasongo, ambaye hajawahi kushika kipanya mbele ya watu, alikishika. Nadhani aliona madirisha yanafunika uso wa Kiongozi, akataka kuusogeza pembeni. Kipanya kikamteleza, uso ukateremka, akaachia.

Kiongozi akaingia kwenye pipa.

Na mimi, mjinga wa kusoma, nilifurahi. Nilichukua kipanya, nikafungua pipa, nikamtoa na kumrudisha mahali pake, nikasema kwa fahari: "Munaona, hakuna kitu inapotea. Unaweza kumutupa, unamurudisha, hata mara ngapi."

Mdomo huponza kichwa, wanasema watu. Wangu umeponza kichwa cha mwenzangu.

Mwenyekiti wa kamati, mtu wa sauti ya upole, aliuliza: "Ni nani aliweka poubelle pembeni ya Guide?" Yaani pipa, pembeni ya Kiongozi. Kasongo aliharakisha kujibu kwamba ni Ngoie, kwani ndiye mchoraji. Ngoie aliangalia sakafu. Mimi pia.

Pipa limeondolewa. Kuanzia sasa hakuna faili litakalotupwa bila ruhusa ya shefu, na makarani watarudi kuita mashefu wao kama zamani. Hilo peke yake lingenitosha kulia. Lakini Jumatatu kamati inamwita Ngoie aeleze kwa nini alimdharau Kiongozi, na mimi nitaulizwa kama shahidi. Katika mji huu kuna watu walioitwa kwa swali la namna hiyo, na wake zao wanawangoja mpaka leo.

Baada ya mkutano Kasongo alinivuta kando. Aliniambia kwamba mtu mwenye akili atakumbuka vizuri pipa lilikuwa la nani. Nakumbuka vizuri. Lilikuwa langu. Ngoie alichora tu nilichomwomba, na hata alinionya kwamba pale chini limekaa vibaya.

Jioni tulisimama sote wawili kibarazani kungoja mabasi ya kampuni. Ningefurahi kama angenilaumu. Hakunilaumu. Alisema, macho yake barabarani: "Useme ni miye. Weye uko na batoto. Miye siko na muntu."

Nilitaka kukataa. Nilifungua mdomo, nikajisikia nasema asante.

Asante. Kama mtu aliyepishwa kiti.

Aliitikia kwa kichwa, akapanda basi la kwenda Kenya, mtaa wa hapa mjini anakoishi, akakaa upande wa pili ili asinitazame. Au mimi ndiye niliyegeuka, sijui.

Kesho ni salongo, kazi ya lazima ya kila Jumamosi, sote tutafagia mbele ya ofisi na kuimba sifa, naye atakuwepo na fagio lake. Sitangoja huko penye masikio mengi. Nitakwenda kwake asubuhi mapema, nimwambie ile asante haikuwa jibu, na kwamba Jumatatu nitasema pipa ni langu.

Nimeandika hivyo na nimemaanisha. Lakini watoto wamelala chumba cha pili, nawasikia wanavyopumua, na sijui kama kesho nitafika mlangoni kwa Ngoie.