Wanjiku Watatu wa kwa Shosho

Witeithie,
Jumapili baada ya ibada

Mama mpendwa,

Shikamoo. Najua tabia yako: barua ukiipata unaanza kusoma mwisho, ukishahakikisha hakuna aliyekufa ndipo unarudi juu. Safari hii nakuomba uanze hapa, uende taratibu, na chai yako kando. Hakuna aliyekufa. Hakuna aliyeolewa pia, kwa hiyo usianze kupiga vigelegele.

Goti lako laendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaitumia, au umeiweka kabatini na vile vikombe vya wageni? Maharagwe yameshaota? Na Wakesho mdogo, bado anakuamsha alfajiri kwa nyimbo zake za kwaya? Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini ni kwa kutembea, si kwa njaa. Hizo habari za kutembea utazisikia.

Ningekupigia simu, lakini wewe unaiweka sauti ya juu, na jambo nililo nalo sitaki lisikike Wundanyi nzima kabla hujalisikia wewe. Ndiyo maana nimempa shangazi Mkawasi barua hii aje nayo. Amepata likizo yake na ameapa hataifungua. Ukiona bahasha imekunjamana, muulize.

Unakumbuka tulivyoagana Januari. Ulisema nimeshajaribu vyuo vya uuguzi mara mbili, inatosha, na ya tatu ikigonga mwamba nirudi nyumbani nifundishe chekechea ya kanisa. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimechoka kubishana. Kisha ukaongeza, mbele ya wageni, "Huyu awe nesi? Huyu aliyemnywesha mdogo wake dawa ya minyoo ya mbuzi?" Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Mama, nilicheka, lakini liliniuma. Nilikuwa na miaka tisa, na haraka yangu ni ile ile uliyonizaa nayo.

Basi nikaamua kwamba mara hii nitajitayarisha mpaka wakose sababu ya kunikataa. Kilichokuwa kimeniangusha kwanza ni kemia. Mwaka jana nililipia kurudia mtihani huo kama mtahiniwa wa kibinafsi katika shule moja mjini Thika, na sikuwaambia kwa sababu niliogopa kuanguka tena. Siku ya kwanza nilipoingia chumba cha mtihani, watoto wote walisimama na kuniamkia kama mwalimu. Nikawaambia wakae, halafu nikakaa kati yao na kutoa kalamu. Walinitazama hivi! Lakini nilipata C, Mama. C ya kemia, ya kwangu mwenyewe. Nilienda nayo mpaka kwa shangazi kule Mwiki tukala chapati.

Asubuhi bado nafanya kazi kwenye saiba ile ya intaneti ya Kahawa Wendani, nikiwachapia wanafunzi kazi zao na kuwajazia fomu za kuomba vyuo. Fomu za watu nimezijaza nyingi mno, na kila mara nilipobonyeza "tuma" nilijisikia kama mpishi wa harusi anayelala na njaa. Mchana nilikuwa najitolea katika kliniki ndogo hapa Witeithie. Chuo nilichoomba mara hii, cha Thika, kilitaka barua ya mtu wa afya aliyekuona ukifanya kazi, na mtu wangu alikuwa tabibu wetu, Nyokabi. Watu wote humwita Daktari. Si mtu wa maneno mengi. Ukimsalimu anaitikia, lakini ukimsifu anakuuliza kama umemaliza kupanga kadi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Daktari alinipa daftari la watoto waliotakiwa kurudi kwa chanjo ya pili ya surua. Lilikuwa limechakaa, limemwagikiwa chai, limeandikwa na mikono mitano. Akaniagiza nilinakili kwenye daftari jipya ili tuwapigie wazazi simu. Kazi ya kunakili ndiyo yangu, wewe wanijua. Nikaanza kwa kasi. Nikafika kwenye ukurasa mmoja nikakuta "Wanjiku, kwa Shosho", mara tatu. Shosho ndivyo nyanya anavyoitwa huku. Nambari ya simu ni moja, ya Shosho mwenyewe, na umri umepishana miezi tu. Nikasema, hawa watu waliandika mtoto mmoja mara tatu! Nikaandika mmoja, nikawaacha wawili. Nikaendelea hivyo hivyo kwa akina Nyambura na akina Kamau, na nikajisifu kwamba nimelisafisha daftari. Daktari akaniambia, "Umefanya haraka." Nilidhani ananisifu.

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumatano, Daktari alileta habari kwamba ng'ambo ya barabara, nyumba chache kutoka kwetu, kuna mtoto ana surua. Akashukuru Mungu kwamba wetu wote wa daftarini walikuwa wameitwa. Kisha akaenda Thika kuchukua chanjo na kusema atarudi kesho yake. Kabla hata kiti chake hakijapoa, akaingia Shosho, bibi mfupi wa kofia ya sufu, amemshika mkono mtoto anayekohoa.

Nikauliza jina la mtoto. "Wanjiku." Nikafungua daftari langu safi, nikamwambia, "Huyu alichanjwa juzi, Shosho."

"Achanjwe wapi? Huyu ni wa kijana yangu Kamau. Yenye mlichanja ni ya Njoroge. Na iko ingine ya Mwangi, hiyo hata hamjaita. Ama siku hizi mnachagua?"

"Kwani wote watatu ni Wanjiku?"

"Haiya! Sasa ulitaka waitwe nani? Si hiyo ni mimi?"

Mama, sikiliza jambo hili. Huku kwao, kila kijana akioa, binti yake wa kwanza humpa jina la mama yake yeye kijana. Shosho ana vijana watatu, na wote watatu walipata mabinti mwaka mmoja. Kwa hiyo ana Wanjiku watatu, na kila mmoja wao ni yeye. Mtu yeyote wa Witeithie angejua hilo, hata akiwa usingizini. Ni mimi tu, mgeni mwenye haraka, niliyewafuta wawili kama makosa ya chapa.

Nilimwambia Shosho amngoje Daktari kesho, na alipoondoka nilimpigia Kimani, tunayefanya naye kazi saiba, anayekaa na mashine ya kulaminisha. Nilitaka tu mtu wa kumlilia. Akasema, "Wakesho, tulia. Rudisha hayo majina na biro ile ile, waambie wakuje kesho wachanjwe, story iishe. Ijumaa Daktari anakuandikia barua yako. Kwani nani atajua?"

Nikachukua kalamu. Sitakuficha. Niliandika majina ya wale wawili pale pale chini ya mwenzao, na yalikaa vizuri kabisa, usingeweza kuona tofauti. Kisha nikachukua daftari la zamani ili nione nimefuta wangapi wengine. Nilihesabu kumi na mmoja. Baadhi hawakuwa na simu, baadhi walikuwa wamehama. Hao nisingeweza kuwatafuta peke yangu, kwa siri, huku nikitabasamu mbele ya Daktari.

Hapo nikaikumbuka ile chupa. Kuna jambo moja ambalo hatujawahi kulizungumza, Mama. Siku ile ya dawa ya mbuzi, mdogo wangu Mwakio alipoanza kutapika, niliificha chupa chini ya gunia la mahindi. Ukamkimbiza zahanati. Nesi alikuuliza mara tatu mtoto amekunywa nini, ukawa unalia unasema hujui, na mimi nimesimama mlangoni nimenyamaza. Uliipata chupa kesho yake ukanichapa kwa sababu ya dawa. Lakini nilichokuja kukiona mimi ni kwamba kosa kubwa halikuwa dawa. Kosa kubwa lilikuwa kunyamaza, wakati wewe unaulizwa na huna jibu. Nisamehe, Mama. Miaka kumi na mitano nimeibeba hiyo, na ndiyo iliyonifanya nitake kazi hii, ingawa kwenye fomu niliandika sababu nzuri zaidi.

Asubuhi nilimngoja Daktari mlangoni. Nikamweleza yote kabla hajashusha boksi la chanjo, pamoja na yale majina mawili niliyoyarudisha kinyemela. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

Mwishowe akasema, "Leta daftari ya zamani. Na uvae viatu za kutembea."

Tulitembea siku tatu, Mama. Yeye mbele, mimi nyuma na kiboksi cha barafu, ploti kwa ploti, nyuma ya maduka, kwenye vyumba vya kupanga ambako watu huhama bila kuaga. Kila mlango ilibidi niseme mwenyewe, "Mimi ndiye niliyemfuta mtoto wako." Wengine walicheka. Mama mmoja alinifokea mpaka majirani wakatoka, nami nikasimama nikapokea, kwa sababu alikuwa na haki. Shosho alinipa kiti na uji, akawapanga wajukuu wake watatu mbele yangu, akanifundisha: huyu ni wa Kamau, ana kovu, huyu ni wa Mwangi, ni mwoga, huyu ni wa Njoroge, usimwachie simu yako. Kati ya wale kumi na mmoja, wawili tu ndio walikuwa wameandikwa mara mbili kweli. Tisa walikuwa watoto kamili wa watu. Wa mwisho alikuwa amehamia Mwiki, na ni shangazi Mkawasi aliyenipatia kwao kupitia akina mama wa kanisa. Mtoto alipomaliza kulia kwa sindano nikalia mimi. Hakuna hata mmoja wao aliyeugua surua. Namshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo.

Ijumaa ilipita na sikuthubutu kutaja barua. Jumatatu Daktari akanipa bahasha iliyofungwa kwa gundi. "Peleka chuo. Usifungue." Sikuifungua. Niliielekeza tu kwenye jua kidogo, lakini karatasi yake ilikuwa nzito.

Siku ya mahojiano nilivaa ile blauzi yako nyeupe. Walikuwa watatu mezani, na mwanamke wa katikati akaifungua ile bahasha mbele yangu. Alisoma polepole. Nilikuwa nimekariri majibu yangu yote, ya kwa nini uuguzi na kwa nini chuo chao. Akainua macho akauliza, "Huyu Wanjiku ni nani?"

Kabla sijafikiri, mdomo ukasema, "Yupi, mwalimu? Wako watatu."

Wakacheka wote, mpaka yule mzee wa kulia aliyekuwa amekunja uso tangu niingie. Ndipo nikajua kwamba Daktari ameliandika kosa langu, lote, kwenye barua ya kunisifu. Nikaona nimekwisha. Yule mama akaniambia nieleze, nikaeleza. Mzee akauliza, "Na kwa nini ulisema, na hakuna mtu alikuwa ameona?" Nikayaacha majibu niliyokariri. Nikawaambia habari ya Mwakio na ile chupa. Hawakucheka tena. Yule mama aliikunja barua akairudisha kwenye bahasha, akanisomea mstari wake wa mwisho. Daktari aliandika: "Haraka tunaweza kumpunguzia hapa na pale. Hilo lingine hatuwezi kumfundisha, na tayari analo." Mtu asiye na maneno mengi, Mama.

Haya, sasa umefika mwisho kwa njia halali. Kabla sijakuambia lililobaki, nisalimie watu wangu. Mpe Baba salamu, na umwambie redio yake naikumbuka, lakini si saa kumi na moja asubuhi. Msalimie mjomba Mwadime wa dukani. Mwambie mwalimu Mghoi, aliyenifundisha kusoma, kwamba ile kamusi yake bado ninayo na sijaiuza. Msalimie Mwakio, mdogo wangu na mgonjwa wangu wa kwanza. Mwambie nimeungama mbele ya watu watatu na kwa hiyo asinidai tena. Na Wakesho mdogo, binti wa shangazi, uliyemlea pamoja nami kitanda kimoja, mwambie namwonea fahari.

Ujumbe uliingia Alhamisi, niko saiba namjazia mtu fomu. Nilimpa Kimani simu akausoma kwa sauti. Wamenichukua, Mama. Naripoti Septemba, hapo hapo Thika. Chekechea ya kanisa itafute mwalimu mwingine.

Wamenipa orodha ya vitu vya kuja navyo, na kimoja hakipatikani dukani: kadi yangu ya kliniki ya utotoni, ya kuonyesha nilichanjwa. Iko kwenye ule mkebe wa biskuti juu ya kabati. Lakini tafadhali usiichomoe ile ya juu ukampa shangazi kwa haraka. Humo mna kadi mbili za Wakesho. Soma jina la mzazi, soma tarehe, halafu usome tena. Mimi niliyekua nyumba moja na Wakesho mwingine ndiye niliyesahau kwamba jina moja linaweza kuwa la watoto wawili.

Ni mimi, binti yako,
Wakesho mkubwa, yule wa kwako