Meneja Amesoma Ujumbe wa Muhonja

Shiundu, nilikuwa naweka programu yangu kwenye seva ya tawi la Jericho, meneja akanipigia simu.

Unaijua kazi ya programu hiyo: inakusanya faili za kumbukumbu za hitilafu kutoka seva za matawi yote na kuzituma makao makuu. Juzi meneja akataka niongeze na ujumbe wanaoandika wafanyakazi kwenye mashine za kazini. Nikadhani anapima mzigo wa mashine.

Leo kwenye simu amenisomea ujumbe wa Muhonja wa tawi la Makadara. Kwa sauti! Muhonja alimwandikia dada yake kwamba mimba imetoka na bado hajamwambia mumewe. Nilisikia watu wakicheka nyuma ya meneja.

"Fundi, mashine yako ni tamu kuliko redio!" meneja akaniambia.

Tamu kuliko redio, Shiundu.

Nikamwambia, "Mzee, huo ni msiba wa mtu."

"Msiba gani? Wewe unganisha Jericho, nataka na ujumbe wa huko."

Jericho sijaiunganisha. Nimeiondoa sehemu ya ujumbe kwenye seva ya tawi la Buruburu, lakini Makadara wameshazima seva. Nitaenda kuiondoa mwenyewe kesho wakifungua.

Wewe ni jirani wa Muhonja. Pita kwake leo, umwambie asimwandikie dada yake neno kwenye mashine ya kazini kabla sijafika.