Tumbo la Bofu

Kilifi, 12 Mei 2025

Mjomba Mwinyihaji, shikamoo. Natumai nyote hapo Bofu wazima na mgongo wa bibi umepoa.

Nina shida ya aibu. Natafiti vijidudu vyema vya tumboni, vinavyounga sukari punje kwa punje ikawa nyuzi za utelezi zinazolinda utumbo. Sampuli zangu zote zimetoka patupu, na nisipovipata mwezi huu sihitimu. Nikakumbuka pilau ya harusi ya jirani yenu Jalila: iliharisha mtaa mzima, wewe ukaongeza sahani. Naomba choo chako, Mjomba, kidogo tu. Dereva wetu Kenga ataleta kopo na barafu.

Mpwao, Swabra

Bofu, 15 Mei

Marahaba, mwanangu. Wazima, bibi yako anagombana, basi jua mgongo umepoa.

Nimekuwa baharia, nimekula pweza mbichi na Wagiriki, hakuna aliyewahi kuniomba hili. Lakini sikutii aibu mbele ya walimu. Nimekunywa sanamaki siku mbili, nimejiharisha kama tunaipokea Ramadhani. Kenga amebeba mzigo msafi.

Mjombako

Kilifi, 20 Mei

Shikamoo Mjomba, na poleni kwa mvua. Nimelia, kisha nikacheka. Sanamaki imewafukuza wapangaji wote, hakikuota kitu. Profesa amenipa nafasi ya mwisho. Tafadhali usijisafishe. Kula ulavyo siku zote.

Mpwao

Bofu, 25 Mei

Marahaba. Sisi tu salama, ila Nasreen, mke wangu, amehamia chumba cha watoto kwa sababu ya mbaazi na maziwa lala ninayokula kwa ajili yako. Kopo la pili analoleta Kenga, sikulipamba. Likitoka patupu, rudi nyumbani, mama. Hapa hatuli kwa digrii.

Mjombako

Kilifi, 9 Juni

Shikamoo, na shikamoo tena. Hali yako? Yangu haisemeki. Viliota. Nilidonoa doa moja la vijidudu kwa sindano, nikainua, uzi ukafuata ukirefuka kama asali. Profesa aliita maabara nzima waone. Nimepita, Mjomba. Kijidudu tumekiita Bofu.

Mpwao

Bofu, 11 Juni

Marahaba elfu. Bibi yako mzima, amepiga vigelegele kabla hajajua ni vya nini.

Barazani hawapumui kwa majigambo yangu. Jirani Baya ananiambia, “Wewe darasa la tano lilikushinda, chuoni una nini?” Nikamjibu, wallahi, mimi nilibaki nje, tumbo limeingia.

Siku ya mahafali tuwekee viti viwili, mimi na tumbo.

Mjombako