Kiti cha Habuba Mlangoni

Makindye, 7 Septemba 2025

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kotido, na kikohozi cha vumbi kimekuacha. Sisi hatujambo. Habuba goti linamsumbua asubuhi, lakini mimi mjukuu wake nikimwuliza anasema goti hilo ni la jirani. Anakusalimu sana mkwewe.

Uliniambia nikuandikie hata mambo mabaya. Mwaka huu chuoni tunajifunza hisabati kwa programu iliyo kwenye tableti, na kila mmoja anakwenda nayo nyumbani. Programu inamfuata mwanafunzi mmoja mmoja: ukijua, inakupa swali gumu zaidi, usipojua, inakurudisha nyuma ikufundishe upya. Mwalimu wetu, Bwana Siraje, anasema ni kama kuwa na mwalimu wako asiyechoka.

Wenzangu wanapanda, mimi nashuka. Na Mama, majibu yangu si mabaya. Inaandika kwamba nimepata, halafu inanipa swali rahisi zaidi. Jana

Samahani, Mzee Yasiin aliingia, nikasimama kumwamkia. Jana ilinipa picha ya machungwa, nihesabu nusu na robo. Sharifah, ninayeketi naye darasani, akachungulia na kusema, "Lailah, ukimaliza kuyahesabu utuletee tule." Wote wakacheka. Nami nikacheka, huku nikiifunika tableti.

Mwisho wa Oktoba, watakaobaki hatua ya chini watatolewa kwenye diploma ya ualimu na kupelekwa kozi fupi ya wasaidizi wa darasa. Ninaogopa. Labda mashine imeona ndani yangu kitu ambacho walimu wangu wa sekondari hawakukiona.

Abdul-Latif atakuletea barua hii akija na lori la vyakula vya polisi.

Mwanao,
Lailah


Kotido, 16 Septemba 2025

Mwanangu Lailah,

Pokea salamu zangu, na umfikishie Habuba zake kwanza kabla hujasoma mbele. Kikohozi kimepungua. Mtandao wa simu bado unakuja na kuondoka kama paka, kwa hiyo tuendelee na karatasi.

Hapa kituoni naletewa kesi za mbuzi kila siku. Sianzi kwa kuuliza mwizi ni nani. Nauliza mbuzi alifungwa wapi, na ni njia ya nani inayopita hapo. Basi niambie: tableti unaitumia wapi hapo nyumbani? Nani huwa karibu? Na ukiitumia chuoni, mbele ya mwalimu, inakushusha vilevile?

Usiniandikie tena kwamba mashine imekuona ndani. Mimi niliyekuzaa sijakuona ndani bado.

Mama yako,
Santa


Makindye, 28 Septemba 2025

Mama mpendwa,

Nakusalimu tena. Tu wazima wa mwili.

Maswali yako yamenitia hofu mpya. Chuoni huwa napanda kidogo. Nikifika nyumbani nashuka. Naketi sebuleni, kwenye meza inayotazama mlango, kwa sababu chumbani mtandao haufiki. Chuoni siwezi kubaki, maana jioni vyumba vina wanafunzi wengine.

Na nyumba hii unaijua. Watu wote wa hapa mtaani wanapita kumsalimu Habuba. Mkubwa akiingia naweka chini nilichoshika, nasimama, natoa mikono yote miwili, naulizia nyumba yake, watoto wake, miguu yake na safari yake, mpaka atosheke.

Nilimwuliza Bwana Siraje kama programu inahesabu muda. Akafungua kazi zangu kwenye kompyuta yake. "Swali likikaa bila jibu, inadhani mtu anahangaika," alisema. "Hapa, kwenye kugawanya, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa namwamkia Mzee Yasiin."

"Na hapa?"

"Mke wake."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. Anasema hawezi kuyafuta ya nyuma, ila programu inayapa uzito zaidi majibu ya karibuni.

Mama, jana nilijaribu kutosimama. Mzee Yasiin aliingia akanyoosha mikono. Nikasema salamu nikiwa nimeketi, macho yangu kwenye swali. Akairudisha mikono yake taratibu, kama mtu aliyetaka kuchukua kitu kisicho chake, akaenda zake. Habuba aliona. Hajanigombeza, na afadhali angenigombeza. Tangu jana haniiti Lailah. Ananiita "mwanafunzi." "Mwanafunzi, chai iko hapo."

Sasa naogopa vitu viwili, na kila nikikimbia kimoja nakikuta kingine mbele.

Mwanao,
Lailah


Kotido, 6 Oktoba 2025

Mwanangu,

Salamu. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama.

Baba yako Sadik, Mungu amrehemu, aliponileta katika nyumba ile, mimi Mwacholi na Mkatoliki, watu walinitazama kama mzigo uliopotea njia. Habuba ndiye aliyenishika mikono akanifundisha kuamkia: nianze na nini, ninyamaze wapi, nishukuru vipi. Siku nilipoweza, nikawa mtoto wa nyumba. Kwa hiyo najua Mzee Yasiin aliondoka na nini. Nenda kwake umwombe radhi.

Halafu keti chini mbele ya Habuba, umwoneshe hiyo tableti, umweleze yote. Umemficha kwa kudhani hataelewa. Yeye ni mjane wa askari. Anajua vizuri mkubwa asiyesikiliza sababu ni mtu wa namna gani.

Mimi siwezi kukupangia zaidi, kwani nyumba ni yake.

Mama yako,
Santa


Kotido, 20 Oktoba 2025

Lailah,

Abdul-Latif amefika bila barua yako. Anasema alipita nyumbani akamkuta Habuba ameketi nje mlangoni, naye akamzuia kuingia. Mlango ule sijawahi kuona mtu akizuiliwa. Kuna msiba? Mmoja wenu anaumwa? Chuo kimekutoa? Nilipanda kilima kutafuta mtandao, sikuupata.

Andika hata mstari mmoja.

Mama


Makindye, 2 Novemba 2025

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu, na nakuomba radhi kwa hofu niliyokupa. Hakuna msiba. Habuba ni mzima, ila lile goti la jirani.

Nilikwenda kwa Mzee Yasiin nikapiga magoti. Akasema, "Mimi nilidhani umekufa ukiwa umeketi." Kisha akanipa mikono yake.

Usiku huohuo nilimweleza Habuba. Akaichukua tableti, akaigeuza mbele na nyuma.

"Hii nayo inasalimiwa?"

"Hapana, Habuba."

"Ndiyo maana haina adabu."

Kesho yake niliporudi kutoka chuoni alitoa kiti chake nje, akakiweka mlangoni, akaketi. Kila aliyekuja alimwambia, "Lailah anawasalimu. Ana mkubwa huko ndani asiyejua kungoja. Nisalimieni mimi mara mbili." Abdul-Latif naye alikutana na hilo, na barua yangu ikabaki mezani. Siku ya mvua Habuba alikaa na mwavuli. Nilimwomba aingie, akasema, "Jibu maswali yako, Lailah." Aliniita Lailah.

Nikimaliza natoka nje, nawaamkia wote walioketi naye, mmoja mmoja, bila kuruka kitu.

Machungwa yaliondoka. Yakaja maswali magumu ya sehemu, ikaja milinganyo, na mengine niliyakosa kweli, kwa kutojua. Juzi Bwana Siraje alibandika majina ya wanaohamishwa. Sikuthubutu kwenda kuyasoma. Sharifah akanisomea, akarudi, akaniuliza, "Sasa machungwa tutakula wapi?" Jina langu halimo, Mama. Nimebaki kwenye diploma.

Muhula ujao programu bado ipo, nami bado naiogopa. Lakini Bwana Siraje amesema kabla ya kumshusha mtu atamwuliza kwanza anasomea wapi, na nani hupita hapo. Nimemwambia swali hilo ni la polisi wa Kotido.

Nilitaka kukuandikia zaidi, ila Habuba anaingia na kiti chake, na leo anachechemea. Karatasi haihesabu muda. Acha nisimame.

Mwanao,
Lailah