Kisanduku cha Nne

Tarehe 3 Februari

Mwanangu,

Marahaba, maana najua umeniamkia kabla hujafungua bahasha. Sisi wazima, ila magoti yangu ndiyo yana maneno.

Karani wa shirika lenu alipita hapa dukani akihesabu watoto wasio na makazi. Nikamwonyesha binti wa marehemu dada yako, anavyolala chini ya meza ya kukatia vitambaa tangu tulipotolewa kwenye nyumba. Mwenye duka ametukubalia usiku tu. Saa kumi na mbili asubuhi tunakunja godoro. Karani akatazama bati juu, akatia alama penye “Nyumbani”.

“Nyumbani kwa nani?” nikamwuliza.

“Bibi, paa lipo.”

Asipoingia kwenye orodha yenu hapati barua ya shule, na shule zimeshafunguliwa. Wewe uko makao makuu. Nifanyeje?

Dada yako alikuwa anakata uzi kwa meno. Mtoto naye ameanza. Nilimkataza, kisha nikaenda nyuma kulia kidogo.

Mama yako

Tarehe 11 Februari

Shikamoo mama,

Pole na magoti. Mimi mzima, kazi tu imenibana.

Fomu ina visanduku vitatu: nyumbani, barabarani, kituoni. Kwetu, asiye na makazi ni anayelala nje. Karani atarudi huko tarehe ishirini, alfajiri. Siku hiyo mlaze mtoto barazani, umfunike vizuri, ukae karibu yake. Akishaandikwa mnaingia ndani. Najua si jambo la kumwambia mama, lakini natafuta mlango.

Mwanao

Tarehe 15 Februari

Mwanangu,

Nashukuru u mzima. Barua yako niliisoma mara mbili, nikaificha chini ya cherehani.

Simlazi nje. Dada yako alikaa wodini wiki tatu, na kila siku aliniuliza neno moja: mtoto amelala wapi. Kila siku nilikuwa na jibu.

Nimezunguka mtaa huu. Saluni wamo watoto wawili, wanalala kwenye viti vya kusukia. Kwa seremala watatu, juu ya maranda. Kwenye mashine ya kusaga wanne na mama yao. Mmoja yuko stoo ya duka la dawa. Pamoja na wetu ni kumi na mmoja, na wote mmeandika wana kwao.

Nitumie fomu kumi na moja. Usiulize za nini.

Mama yako

Tarehe 2 Machi

Shikamoo mama,

Bahasha imefika. Nilicheka, nikaogopa, nikacheka tena. Kila fomu umeishonea kipande cha karatasi kwa cherehani, chenye kisanduku cha nne: “Kwa watu, mpaka tufukuzwe.” Tena umerudia mshono mara mbili, kama pindo la sare.

Mkuu wangu alisema kompyuta haina pa kukiweka, nivibandue. Nikamwambia ukivuta, fomu nzima inachanika; labda kufumua uzi mmoja mmoja. Nikamwekea wembe mezani. “Fumua mwenyewe, bosi. Aliyeshona ni mama yangu.”

Mama wa chai wa ofisi akasema, “Huo wembe mkali, bosi. Angalia kidole.”

Anakuja huko Alhamisi kujionea. Mimi nimeambiwa nikae nyumbani mpaka arudi. Usihuzunike. Mwaka mzima sijalala vizuri hivi.

Mwanao

Alhamisi, asubuhi

Mwanangu,

Pole kwa kukalishwa nyumbani. Ule vizuri.

Mkuu wako alifika kabla hatujakunja godoro. Nikamwambia aingie chini ya meza, maana ukisimama huoni kitu. Alipoinama, mjukuu wangu akamzuia. “Vua viatu kwanza, babu. Hapa ni chumbani.”

Akatabasamu kama mtu aliyepata alichokuja kutafuta. “Kwa hiyo hapa ndipo nyumbani kwako?”

“Mpaka saa kumi na mbili,” mtoto akasema. “Baada ya hapo ni meza.”

Akakaa humo chini muda, soksi imetoboka kwenye kidole gumba. Kisha akaomba fomu, akatia alama kwenye kisanduku changu kwa mkono wake. Barua ya shule aliiandikia hapo hapo sakafuni. Alipotaka kufunga kalamu nikamwekea nyingine kumi mapajani.

“Bibi, hizi nitazipeleka kwenye kikao.”

“Kikao ndicho hiki. Saluni iko mlango wa tatu, na wanaamka sasa hivi. Viatu vyako anavyo mjukuu wangu, utavikuta ukimaliza.”

Ninapoandika haya yuko kwa seremala, soksi zimejaa maranda.

Mama yako